Walter Brennan na tuzo zake tatu: je, alizistahili?

Msomaji ameniuliza hivi: "Nimekuwa nikitazama filamu za zamani za Marekani, na katika To Have and Have Not, Red River na Rio Bravo nimekutana na mzee yuleyule mwenye sauti ya kukwaruza na maneno mengi. Nimesoma kwamba anaitwa Walter Brennan na kwamba alipata tuzo tatu za Oscar. Imekuwaje mtu mwenye tuzo tatu asiwahi kuwa stelingi? Na je, ni kweli kwamba tuzo hizo alipewa kwa kura za marafiki?"

Nianze na jibu fupi, kisha nilifafanue. Katika tuzo hizo tatu, ya kwanza ilisaidiwa na utaratibu wa upigaji kura wa wakati ule, ingawa kazi yenyewe haikuwa mbaya. Ya pili, kwa maoni yangu, ilipaswa kwenda kwa mtu mwingine. Ya tatu aliistahili kabisa. Linalonisikitisha ni kwamba filamu tatu ulizozitaja, ambazo mimi naziweka kwenye kilele cha kazi yake, hazikumpatia hata uteuzi. Brennan aliteuliwa mara nne tu katika maisha yake, na mara ya nne ilikuwa kwa filamu ya Sergeant York ya mwaka 1941, ambamo aliigiza mchungaji wa kanisa la kijijini, na tuzo ikachukuliwa na Donald Crisp. Anayempima Brennan kwa tuzo zake, iwe kwa kumsifu au kwa kumshuku, anaacha nje nusu bora ya kazi yake.

Walter Brennan alizaliwa tarehe 25 Julai 1894 mjini Lynn, katika jimbo la Massachusetts, kwenye familia yenye asili ya Ireland. Alisoma shule ya ufundi huko Cambridge, jirani na Boston, akaonjaonja kazi ya majukwaani, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikampeleka Ufaransa akiwa askari wa kikosi cha mizinga. Aliporudi alijaribu shughuli kadhaa kabla ya kuhamia Los Angeles, ambako biashara ya viwanja ilikuwa imepamba moto, na kwa muda mfupi akawa mtu mwenye fedha. Bei za ardhi zilipoporomoka katikati ya miaka ya 1920, fedha hizo zikapotea. Alikuwa na mke, Ruth, aliyemwoa mwaka 1920 na ambaye alikaa naye hadi kifo, na alikuwa na watoto wa kulisha. Aliingia kwenye filamu kwa sababu studio zililipa watu kwa siku ili wajaze umati, na yeye alikuwa akitafuta kazi yoyote ya kutwa.

Kwa takriban miaka kumi alikuwa mmoja wa waigizaji wa umati, wale wanaopita nyuma ya nyota bila jina na bila neno, na mara chache akipewa sentensi moja au mbili. Ukiitazama The Invisible Man ya mwaka 1933 kwa makini utamwona: ni yule mwanakijiji anayenyang'anywa baiskeli na mtu asiyeonekana. Katika Bride of Frankenstein ya mwaka 1935 yumo miongoni mwa watu wa kijijini. Katika Woman Haters ya mwaka 1934, filamu fupi ya kundi la wachekeshaji la The Three Stooges, ni kondakta wa treni. Mtu anaweza kuiona miaka hiyo kuwa ya kupotea, lakini mimi naiona kuwa ndiyo shule yake. Mwigizaji anayepewa sekunde kumi hujifunza kwamba mtazamaji hatasubiri aelezwe yeye ni nani; lazima tabia nzima ionekane katika namna ya kushika kofia, ya kugeuza shingo, ya kulitamka neno la kwanza.

Mwaka 1932 alipata ajali iliyomwondolea meno yake mengi, naye alikuwa bado hajafikisha miaka arobaini. Kwa mwigizaji mwingine hilo lingekuwa pigo la mwisho, kwa kuwa kamera ya Hollywood ilipenda tabasamu kamili. Kwake likawa mtaji. Alipovaa meno ya bandia alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sura ya kawaida. Alipoyavua, mashavu yalibonyea, kidevu kikapanda kuelekea puani, maneno yakaanza kuteleza, na papo hapo mbele yako akasimama mzee wa miaka sabini. Mwongozaji Howard Hawks alikuwa akisimulia kwamba Brennan alipoletwa kwake kwa mara ya kwanza na kuombwa asome maneno yake, alimuuliza kwanza swali moja: asome akiwa nayo au bila? Hawks akauliza, akiwa na nini? Akajibiwa: meno. Hawks alicheka na kumpa kazi palepale katika Barbary Coast ya mwaka 1935, filamu ya San Francisco wakati wa mbio za dhahabu, na nafasi iliyopangwa kuchukua siku chache ikarefushwa ikawa ya wiki kadhaa. Hawks alikuwa msimuliaji aliyependa kuvinogesha visa vyake, lakini ukiitazama filamu yenyewe utaona kwa nini hakutaka kumwachia.

Hapa inabidi nieleze jinsi studio zilivyofanya kazi, kwa kuwa bila utaratibu huo Brennan asingeweza kutokea katika filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 200. Katika miaka ya 1930 studio kubwa kama MGM, Paramount, Warner Bros., Fox na RKO zilimiliki pia majumba ya sinema, na majumba hayo yalihitaji filamu mpya kila mara. Ili kuyajaza, studio ziliwafunga kwa mikataba ya miaka mingi waandishi, wapiga picha, washoni wa mavazi na waigizaji wa kila daraja. Filamu nyingi zilikuwa na urefu wa saa moja na nusu au pungufu, hivyo mwandishi hakuwa na nafasi ya kumweleza kila mhusika. Ilikuwa rahisi zaidi kumwita mtu ambaye watazamaji wameshamzoea: akiingia Beulah Bondi, ukumbi mzima unajua mama amefika; akiingia Ward Bond, unajua huyu ni askari au mwamba wa mtaani. Mwaka 1939 pekee Thomas Mitchell alionekana katika filamu tano ambazo hadi leo zinatazamwa, zikiwemo Stagecoach, iliyompa Oscar, na Gone with the Wind. Watu hawa walitoka seti moja kwenda nyingine kama mafundi wanaoitwa kwa ujuzi wao.

Brennan alisaini mkataba na Samuel Goldwyn, mtayarishaji wa kujitegemea ambaye hakutoa filamu nyingi kwa mwaka lakini alizitoa kwa uangalifu mkubwa. Kwa kuwa Goldwyn mwenyewe hakuwa na kazi ya kumtosha, alimwazima kwa studio nyingine kwa malipo, na hivyo mwigizaji mmoja akawa anaonekana kila mahali.

Sasa tuje kwenye kura. Tuzo ya mwigizaji msaidizi, ambayo ndiyo aina ya Oscar zote tatu za Brennan, ilianzishwa na Akademia ya Filamu, chombo kinachotoa Oscar, kwa filamu za mwaka 1936, na ilitolewa kwa mara ya kwanza Machi 1937. Isitoshe, washindi wake hawakupewa sanamu kamili. Kwa miaka kadhaa walipewa kibao tu, jambo linaloonyesha jinsi Hollywood yenyewe ilivyowaweka watu hawa. Wakati huo waigizaji wa umati waliruhusiwa kupiga kura, nao walikuwa maelfu, wengi kuliko kundi jingine lolote. Kwao Brennan alikuwa mwenzao: mtu aliyesimama nao foleni asubuhi akingoja kuchaguliwa, na ambaye sasa jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye skrini. Imeaminika kwa muda mrefu kwamba kura zao ndizo zilizombeba, na baadaye Akademia iliwaondolea waigizaji hao haki hiyo. Mimi nakubali kwamba zilimsaidia. Sikubali kwamba huo ni udanganyifu. Hao ndio watu waliojua kuliko wakosoaji wote jinsi ilivyo vigumu kufanya nafasi ndogo ionekane, na kumpigia kura aliyefanikiwa kutoka katikati yao ni jambo ninaloliheshimu.

Filamu iliyompa tuzo hiyo ya kwanza ni Come and Get It, iliyoanzwa na Hawks na kumaliziwa na William Wyler. Brennan ni Swan Bostrom, mkata magogo Mswidi, rafiki wa mwanamume mwenye tamaa anayemwacha mwanamke ampendaye ili aoe mali, na Swan ndiye anayemwoa mwanamke huyo aliyeachwa. Lafudhi ya Kiswidi anayoitumia imezeeka vibaya na inachosha masikio. Hata hivyo kuna unyofu ndani yake: Swan anajua kwamba mkewe alimpenda mwingine kwanza, na Brennan halililii hilo wala halilalamikii, analionyesha kwa furaha iliyopitiliza kidogo, ya mtu aliyepata alichodhani hakistahili. Kati ya walioshindana naye mwaka ule, Akim Tamiroff angeweza kushinda bila mtu kunung'unika, na Brennan vilevile.

Kuhusu tuzo ya pili, ya filamu ya Kentucky ya mwaka 1938, sitatumia maneno mengi. Ni filamu ya rangi kuhusu koo mbili za wafuga farasi wa mbio zenye uhasama wa tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na Brennan, akiwa na miaka 44, anaigiza mzee mkali anayefoka mwanzo hadi mwisho. Anafoka vizuri, lakini ni kufoka tu. Mwaka huohuo John Garfield aliingia katika Four Daughters akiwa na uchovu na uchungu wa kijana wa mjini ambao skrini ya Marekani ilikuwa haijauzoea, na nikiwa mpiga kura ningempa yeye bila kusita.

The Westerner ya mwaka 1940 ni habari nyingine kabisa, na ndiyo ninayowapa wanafunzi wanaodhani kwamba mwigizaji msaidizi ni mtu wa kuchekesha tu pembeni. Brennan ni Jaji Roy Bean, mtu wa kweli aliyekuwa hakimu wa mji mdogo huko Texas mwishoni mwa karne ya 19, ambaye aliendesha mahakama yake ndani ya baa. Filamu inamfanya mwuaji anayenyonga watu baada ya kesi za dakika chache, na wakati huohuo mtu aliyepumbazwa na mapenzi kwa Lillie Langtry, mwigizaji wa Uingereza ambaye hajawahi kumwona isipokuwa kwenye picha alizozibandika ukutani. Gary Cooper anafikishwa mbele yake akituhumiwa kuiba farasi. Anaziona picha, anaelewa upesi, na anaanza kuzungumza polepole kana kwamba anamfahamu Lillie, hadi anagusia kuwa anao msokoto wa nywele zake.

Tazama Brennan katika dakika hizo. Hakimu aliyekuwa akipiga meza na kuhukumu anaacha ghafla kuwa na haraka. Sauti inashuka. Macho yanamwangalia Cooper kwa shaka, kwa sababu Bean si mjinga na anajua kwamba mtu anayekabiliwa na kitanzi atasema lolote, lakini hamu ya kuamini inaishinda shaka, na unaona pambano hilo usoni bila neno la kulieleza. Kuanzia hapo wawili hao wanakuwa marafiki wa ajabu: kila mmoja anajua mwenzake anaweza kumwua, na kila mmoja anampenda mwenzake. Mwishoni Bean ananunua tiketi zote za onyesho la Lillie, anavaa sare yake ya zamani ya jeshi la majimbo ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kuketi peke yake katikati ya ukumbi mtupu. Pazia linapofunguka, anayesimama jukwaani ni Cooper, ambaye sasa ana hati ya kumkamata. Brennan anauweka usoni mwake ukweli wote wa mtu huyu, ukatili pamoja na utoto, na hakuombi umsamehe. Cooper mwenyewe alisita kuichukua filamu hiyo kwa sababu aliona kwamba nafasi ya jaji ilikuwa kubwa kuliko yake, na alikuwa sahihi. Kwa ushindi huo Brennan akawa mwigizaji wa kwanza kufikisha Oscar tatu, na hakuna mwanamume mwingine mwenye tatu za uigizaji msaidizi.

Cooper na Brennan walikuwa marafiki tangu siku za kusaka vibarua vya umati, na walikutana katika filamu nyingi, zikiwemo Meet John Doe na Sergeant York za mwaka 1941 na The Pride of the Yankees ya mwaka 1942. Nalitaja jambo hili kwa sababu linanipeleka kwenye hoja ninayoiona kuwa kiini cha swali lako. Mastelingi wakubwa wa Marekani wa kipindi kile, Cooper, Humphrey Bogart, John Wayne, walijengewa sifa ya ukimya. Mwanamume wa aina hiyo haombi msaada, hasemi kwamba anaogopa, hamwambii mtu kwamba anampenda. Lakini filamu haiwezi kuendelea saa mbili na mtu asiyesema kitu. Lazima pawe na mwingine wa kumsema, kumnung'unikia, kumuuliza kwa nini amekasirika na kuomba radhi kwa niaba yake. Brennan ndiye aliyefanya kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Unapomwona Wayne akiwa mkubwa na imara, sehemu ya ukubwa huo imejengwa na mzee aliye kando yake, ambaye anamtazama, anamsikiliza, na kwa kumsikiliza anatufundisha jinsi ya kumtazama.

Katika To Have and Have Not ya mwaka 1944, Brennan ni Eddie, mlevi anayeishi kwa hisani ya Bogart kwenye mashua yake huko Martinique. Mwendo wake ni wa kurukaruka na kutetemeka, kana kwamba kila kiungo kinapokea amri kutoka mahali tofauti. Eddie ana swali analowauliza watu wapya: je, umewahi kuumwa na nyuki aliyekufa? Tajiri mmoja anayekuja kuvua samaki analipuuza kwa dharau. Lauren Bacall, aliyekuwa na miaka 19 na katika filamu yake ya kwanza, anamjibu kwa kumuuliza yeye: na wewe je? Eddie anafunguka kwa raha na kumweleza habari ya nyuki wote waliowahi kumchoma alipotembea peku. Swali lile la kipuuzi ni mtihani, na filamu nzima inapangwa juu yake: anayemjibu Eddie kwa heshima ni mtu wa upande wetu, anayemdharau si wetu. Hawks hakuhitaji hotuba yoyote kuhusu utu wa Bogart. Ilitosha kumwonyesha akimvumilia mlevi huyu na kukasirika anapotishiwa. Zaidi ya hayo, Brennan hamfanyi Eddie apendeze kuliko anavyostahili. Ni msumbufu, ni mroho wa pombe, anapenda kujiingiza asipotakiwa, na kwa sababu hiyo uaminifu wa rafiki yake unakuwa na uzito.

Red River ilipigwa mwaka 1946 na kutoka mwaka 1948. Brennan ni Groot, mpishi anayeendesha mkokoteni wa chakula katika safari ndefu ya kuswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas kwenda Kansas. Hapa meno yamerudi, safari hii kama sehemu ya hadithi: Groot ameyapoteza meno yake ya bandia kwenye mchezo wa karata kwa mwenzake Mwindiani, Quo, anayemwazima wakati wa kula tu. Watu hucheka, na ni sawa wacheke. Lakini mtu huyohuyo asiye na meno ndiye pekee mwenye ujasiri wa kumwambia bosi wake, Wayne, kwamba amekosea, wakati watu wenye bunduki wamenyamaza. Brennan anayasema maneno hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, na ndiyo maana yanauma. Kuna toleo la filamu hiyo ambalo sauti yake ndiyo inayosimulia safari nzima, na nakushauri ulitafute.

Rio Bravo ya mwaka 1959 ilikuwa filamu yao ya sita pamoja, Hawks na Brennan. Brennan ni Stumpy, msaidizi wa sherifu, kilema, anayelinda mlango wa jela akiwa na bunduki na manung'uniko yasiyokwisha kwamba hakuna anayemshukuru. Siku moja Wayne, ambaye ndiye sherifu, badala ya kujibu, anambusu kwenye upara, na Stumpy anamchapa kwa ufagio. Katika filamu yenye mwendo wa taratibu na vitisho vingi, tukio hilo la sekunde chache linakueleza yote kuhusu wanaume wawili ambao wasingeweza kamwe kuambiana kwamba wanategemeana. Huyu Hawks ndiye aliyekuja baadaye Tanganyika kupiga picha za Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, akiwa na Wayne lakini bila Brennan. Kazi ya mtu wa kuchekesha na kulainisha mambo ilipewa Red Buttons, na kwangu mimi pengo linaonekana.

Usidhani hata hivyo kwamba aliweza wazee wapole tu. Katika My Darling Clementine ya John Ford, ya mwaka 1946, ni Mzee Clanton, baba wa genge la wezi wa mifugo, naye anawachapa viboko wanawe waliokomaa kwa kosa la kutoa bastola bila kuua. Hakuna hata chembe ya uchekeshaji. Uso umekufa, na sauti ile tuliyozoea kuiona ya kupendeza imekuwa baridi. Inasimuliwa kwamba yeye na Ford hawakuelewana kabisa, na ni kweli kwamba hakuigiza tena chini yake. Katika How the West Was Won ya mwaka 1962, ambayo Ford aliongoza sehemu yake moja, Brennan yumo katika sehemu iliyoongozwa na Henry Hathaway.

Narudi sasa kwenye neno stelingi, kwa sababu si sahihi kabisa kwamba hakuwahi. Katika Swamp Water ya mwaka 1941, filamu ya kwanza ya Mfaransa Jean Renoir nchini Marekani, jina la Brennan ndilo la kwanza kwenye orodha ya waigizaji. Anaigiza mtu aliyehukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda na aliyejificha kwenye kinamasi cha Okefenokee, huko Georgia. Ni kazi nzuri. Lakini studio ziliuza nyota kwa uso na kwa mapenzi, na mwanamume aliyejipatia jina kwa kuvua meno hakuweza kuuzwa hivyo. Sioni ushahidi kwamba alilihuzunikia hilo. Nyota aliweza kuangushwa na filamu mbili mbaya mfululizo, ilhali msaidizi hakulaumiwa kwa filamu iliyofeli, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye seti nyingine. Kwa kazi hiyo alinunua shamba kubwa la mifugo karibu na mji wa Joseph, jimboni Oregon, na familia yake haikurudi tena kwenye umaskini wa miaka ya 1920.

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyozilazimisha studio kuachana na majumba yao ya sinema, na televisheni ikaingia majumbani wakati huohuo. Mikataba ya muda mrefu ikapungua, na wengi wa kizazi cha Brennan wakabaki bila kazi ya kudumu. Yeye alihamia televisheni, na hapo, baada ya miaka sitini ya umri, hatimaye akawa mhusika mkuu: babu Amos McCoy katika The Real McCoys, kipindi kilichorushwa kuanzia 1957 hadi 1963. Mwaka 1962 alitoa hata wimbo, Old Rivers, ambao kwa kweli ni masimulizi yaliyowekewa muziki, na uliingia katika nyimbo tano za juu za Marekani. Alifariki tarehe 21 Septemba 1974, akiwa na miaka 80.

Kuna upande mwingine ambao sitauficha, kwa kuwa umeuliza kuhusu stahili. Brennan alikuwa mhafidhina mkali, na katika miaka ya 1960 alipinga waziwazi harakati za kudai haki za Wamarekani weusi. Mlango uliofunguka kwake kutoka kwenye umati haukufunguka hivyo kwa wote. Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi ambaye kwa kipaji hakuwa chini yake, alifungiwa katika nafasi za watumishi wa ndani kwa karibu maisha yake yote, na usiku aliopokea Oscar, Februari 1940, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa Gone with the Wind. Brennan aliweza kuwa jaji, mchungaji, mwizi, mpishi, daktari, kwa sababu rangi yake ilimruhusu kuwa mtu yeyote. Kipaji kilikuwa chake mwenyewe. Upana wa uwanja alipewa. Mimi naendelea kuipenda kazi yake nikilijua hilo, na naona mtazamaji wa leo anapaswa kulijua pia.

Ukitaka kujiamulia mwenyewe, anza na The Westerner, kisha utazame My Darling Clementine siku inayofuata kabla sura ya Jaji Bean haijakutoka, uone jinsi uso uleule unavyoweza kubeba watu wawili wasiofanana. Baada ya hapo rudia To Have and Have Not, na safari hii, Bogart na Bacall wanapozungumza huku Eddie akiwa karibu nao, mwangalie Eddie anavyosikiliza.